Kusaga badala ya kuchemsha: kisa cha HKUST-1, kinasa hewa ukaa kinachotoka kinuni

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong walitangaza fuwele ya buluu iliyofumwa kwa shaba na asidi ya trimesiki, iliyojaa vitundu vya kushika gesi. Ikapewa jina la chuo chao: HKUST-1. Waliitengeneza kama vitu vingi vya jamii hii ya MOF, yaani mifumo ya metali na ogani, vinavyotengenezwa: nitrati ya shaba milimoli 1.8, asidi ya trimesiki milimoli 1.0, mililita 12 za ethanoli na maji nusu kwa nusu, chombo cha kuhimili shinikizo, nyuzi 180 kwa saa 12. Mavuno yalikuwa karibu asilimia 60. Piga hesabu: asidi hiyo yote ikigeuka hutoa gramu 0.30 za bidhaa kavu, na asilimia 60 ya hizo ni gramu 0.18. Kila gramu ya unga ilikula mililita 66 hivi za kimiminika, na hapo haujaoshwa.

Unga huohuo hupatikana kwa kuweka chanzo cha shaba na asidi kwenye kikopo cha chuma, ukatia gololi mbili na matone machache ya ethanoli, ukakitikisa nusu saa bila moto wowote. Hiyo ndiyo mekanokemia, kuendesha mmenyuko kwa kugonga na kusugua, na ndiyo sababu inasifiwa kuwa njia ya kijani. Sifa hiyo ni ya kweli kwa yanayotokea ndani ya kikopo. Ila ukifuatilia kisa hiki tangu kwenye mizani hadi moshi wa mtambo unapopita kwenye unga huo ili hewa ukaa yake inaswe, utakuta kinu ni sehemu ndogo ya hesabu. Ukijani mwingi hupotea mahali ambapo hakuna anayepaangalia: kwenye kuosha, kwenye tanuri la ombwe, na kwenye mvuke wa maji uliomo katika moshi wenyewe.

Kwa nini kugonga kunatosha

Mwaka 2006 kundi la Stuart James wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, lilionyesha kwamba asetati ya shaba na asidi ya isonikotiniki zikisagwa dakika 10 tu, bila kiyeyushi chochote, hutoa MOF yenye vitundu. Mwaka 2010 watafiti wa Berlin walichapisha HKUST-1 iliyosagwa yenye eneo kubwa la uso. Mwaka 2015 kundi la Belfast likaitoa kwenye mashine ya skrubu pacha, ile inayotumika viwandani kuchanganya plastiki, kwa kiwango cha kilo kwa saa. Shirika la kimataifa la wanakemia, IUPAC, liliweka mbinu hiyo ya skrubu katika orodha yake ya teknolojia kumi zinazochipukia ya mwaka 2019.

Hapa hakuna muujiza. Ukichukua haidroksidi ya shaba na asidi ya trimesiki, una besi na asidi zinazotafutana. Mmenyuko unataka kutokea. Kinachouzuia ni umbali, kwa sababu punje mbili hugusana kwenye ncha tu na sehemu iliyogusana hujifunika kwa bidhaa. Gololi huvunja ganda hilo na kufichua uso mpya. Tone la ethanoli huyeyusha asidi kidogo juu ya punje na kuiwezesha kusogea, na fuwele mpya hujipanga vizuri zaidi kuliko ukisaga kukavu. Mafundi hupima tone hilo kwa mikrolita kwa kila miligramu ya unga. Kwa kazi hii 0.25 inatosha. Ukifika 1 umeshatengeneza uji.

Chanzo cha shaba ndicho huamua mengine yote

Nitrati iache. Ni kioksidishaji, na kukigongagonga kioksidishaji pamoja na spiriti na asidi ya kikaboni ndani ya chuma kilichofungwa ni kutafuta balaa. Isitoshe huacha asidi ya nitriki kwenye vitundu.

Asetati ya shaba ndiyo inayopendwa na wanaoanza, kwa kuwa inasagika kirahisi na mara nyingi haikosei. Tatizo ni inachoacha. Milimoli 3 za asetati na milimoli 2 za trimesiki hutoa gramu 0.605 za HKUST-1 kavu na gramu 0.360 za asidi ya asetiki. Kwa kila kilo ya bidhaa, zaidi ya nusu kilo ya asidi ya siki. Ukifungua kikopo, harufu inakuarifu kabla ya kipimo chochote. Asidi hiyo huingia kwenye vitundu, hushika shaba, na haitoki mpaka uioshe, uichemshe, au vyote viwili.

Kabonati ya shaba, ile ya kijani, inaonekana safi kwa kuwa inaacha maji na gesi tu. Gesi hiyo lakini ni hewa ukaa yenyewe. Kwa gramu 0.605 za bidhaa unatoa milimoli 1.5, kama mililita 37 kwenye joto la chumba. Kwa upande wa tabianchi hilo ni jambo dogo, ni gramu 109 kwa kilo ya kinasa. Kwa upande wa usalama si dogo hata kidogo: mililita 37 ndani ya kikopo cha mililita 10 chenye nafasi ya kama 8 hupandisha shinikizo kwa zaidi ya bari 4. Kifuniko cha kusukuma kwa mkono hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Anayelazimika kutumia kabonati asimamishe kinu kila dakika chache na kulegeza kifuniko ndani ya kabati la hewa, uso ukiwa pembeni.

Inabaki haidroksidi ya shaba, na hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Kinachotoka ni maji peke yake: gramu 0.108 kwa gramu 0.605 za bidhaa. Hata hivyo ina tabia zake. Haidroksidi ikikaa muda mrefu au ikipata joto hugeuka taratibu kuwa oksidi nyeusi, na oksidi hiyo humenyuka polepole mno kwenye kinu. Chupa yenye chembe nyeusi au rangi ya majivu usiitumie ukitegemea kwamba kusaga kutairekebisha.

Kwa kuwa wanafunzi wa huku kwetu hukwama kwenye kuagiza kemikali, wengine huitazama dawa ya shaba inayouzwa kwa wakulima wa kahawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Soma kibandiko kwanza. Nyingi ni oksikloridi ya shaba, kitu kingine kabisa, na kloridi yake itabaki kwenye bidhaa. Zile za haidroksidi kwa kawaida huwa na asilimia 77 ya haidroksidi. Iliyobaki ni udongo na visaidizi vya kuufanya unga uchanganyike na maji. Visaidizi hivyo huziba vitundu. Afadhali uanze na mrututu, yaani sulfati ya shaba.

Yeyusha gramu 7.49 za mrututu kwenye mililita 100 za maji, ipoze kwenye barafu, kisha tia polepole, huku ukikoroga, gramu 2.40 za kostiki soda zilizoyeyushwa kwenye mililita 50 za maji baridi. Utapata hadi gramu 2.93 za haidroksidi ya buluu. Kostiki ikipungua unapata sulfati besi, yenye rangi ya kijanikijani. Ikizidi na maji yakawa vuguvugu unapata weusi. Osha kwa maji baridi mpaka maji ya mwisho yasifanye utusitusi mweupe yanapotiwa kloridi ya bariamu (ambayo ni sumu, itumike kwa matone na isimwagwe sinkini). Kausha chini ya nyuzi 40. Maji ya kuoshea yana sulfati ya sodiamu na mabaki ya shaba, nayo yahesabiwe kwenye mizania yako ya kijani.

Ndani ya kikopo

Kikopo cha mililita 10 cha chuma kisichoshika kutu, gololi mbili za milimita 10 za chuma hichohicho, kila moja gramu 4 na kitu. Haidroksidi ya shaba miligramu 293, asidi ya trimesiki miligramu 420. Uwiano wa gololi kwa unga unakuja kama 11 kwa 1. Changanya unga kwa kijiko kabla ya kuweka gololi, tia mikrolita 180 za ethanoli ukizitawanya sehemu tatu nne, funga, kisha endesha kinu cha mtikiso kwa hezi 30. Simamisha dakika ya 10, fungua, kwangua ukutani na kwenye pembe, funga, malizia dakika 20.

Kule kusimama na kukwangua ndiko kunakorukwa zaidi, na ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Mchanganyiko huu hupitia hatua ya kuwa ubandiko. Ubandiko hujibana kwenye miisho miwili ya kikopo, gololi zinaanza kugonga kitu laini kinachonyonya nguvu zote, na nyuma yake kunabaki duara la asidi nyeupe ambayo haijaguswa. Ukisikiliza utaitambua hali hiyo kwa sauti: mlio mkali wa chuma kwa chuma unageuka kuwa mdundo mzito. Mlio ukibadilika mapema, dakika ya tatu au ya nne, umetia ethanoli nyingi.

Kumbuka pia kwamba mmenyuko unajitengenezea kimiminika. Ulianza na mikrolita 180 za ethanoli. Mwisho kuna mikrolita 108 za maji juu yake. Jumla inakaribia 290, na bado unga mzuri hutoka mkavu, unateleza kwenye kijiko. Sababu ni kwamba gramu moja ya HKUST-1 ina nafasi ya vitundu ya kama sentimita 0.7 za ujazo, hivyo gramu zako 0.6 zinaweza kumeza mikrolita 400. Kimiminika hakijaondoka, kimeingia ndani. Hii ni ishara nzuri ya haraka. Ukitoka ubandiko unyevu baada ya nusu saa, uwezekano mkubwa ni kwamba vitundu vya kutosha havijafumwa.

Kusaga zaidi si dawa ya kila kosa. Fuwele yenye vitundu ni dhaifu kwa asili yake, na kugonga kulikoifuma kunaweza kuibomoa. Jamaa yake, ZIF-8, imeonyeshwa kupoteza mpangilio wote wa fuwele kwa kusagwa kukavu kama nusu saa. Hapa tone la ethanoli hulinda kwa sababu hujaza vitundu, na ndiyo maana mtu anayesaga saa mbili ili kuhakikisha, kikopo kikiwa kimekauka, hupata unga wenye rangi sahihi na eneo la uso la hovyo. Gololi nazo huchakaa. Unga ukiwa na kivuli cha kijivu, una chuma cha gololi ndani yake. Vikopo vya zirkonia hupunguza hilo. Vya plastiki hukuonyesha kinachoendelea ndani lakini kugonga kwake ni kwepesi, kwa hiyo muda huongezeka.

Kujua kama umefika hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Kipimo cha infraredi kinatosha kwa kuanzia: asidi ya trimesiki ambayo haijamenyuka hujitokeza kati ya 1,700 na 1,720 kwa sentimita, na ikishikwa na shaba mstari huo hutoweka. Ukibaki, ongeza mikrolita 50 za ethanoli na usage dakika 10 zaidi. Penye eksirei, tazama vilele kwenye pembe za nyuzi 6.7, 9.5 na 11.6 kwa mirija ya shaba, cha 11.6 ndicho huwa kirefu kuliko vyote. Vilele vya 35.5 na 38.7 ni oksidi nyeusi iliyobaki. Hiyo haitaondoka kwa kuosha, na hapo makosa ni ya chupa ya haidroksidi, si ya kinu.

Kuosha

Maandiko mengi ya maabara husema unga uoshwe mara tatu kwa ethanoli, bila kusema kiasi. Mkono wa mazoea humimina mililita 20 kila mara. Kwa gramu 0.6 hiyo ni mililita 60, yaani 100 kwa gramu. Rudi kwenye njia ya mwaka 1999: mililita 66 kwa gramu, na nusu yake ilikuwa maji. Umesaga bila kiyeyushi ili uoshe kwa ethanoli mara tatu ya ile iliyotumika kuchemshia. Kwa kilo moja ni lita 100, uzito wa kilo 79, na kuigeuza mvuke ili kuisafisha tena kunahitaji kama kWh 18 za joto hata kama hakuna linalopotea njiani.

Tunaona neno "bila kiyeyushi" likiandikwa juu ya kazi za namna hii pasipo aibu yoyote. Lisomwe kwa tahadhari.

Njia ya kutoka imo kwenye hatua za nyuma. Haidroksidi haiachi asidi ya asetiki, kwa hiyo kinachohitaji kuoshwa ni trimesiki iliyobaki tu. Mmenyuko ukifika asilimia 95, hiyo ni miligramu 21. Ukiisukuma kwa kusaga mara ya pili inapungua zaidi. Basi osha mara moja, mililita 5 kwa gramu, kwa ethanoli ya vuguvugu, uchuje kwa pampu. Ethanoli iliyochujwa ina trimesiki kidogo na haina ubaya wowote: mikrolita 180 zake ndizo tone la fungu linalofuata, na nyingine huoshea fungu linalofuata kabla ya kubadilishwa. Kuzidisha asidi kidogo, asilimia 2 hivi juu ya kinachohitajika, husaidia, kwa kuwa asidi iliyozidi huosheka na shaba iliyozidi haiosheki.

Kuamsha vitundu

Unga uliotoka kuoshwa ni wa feruzi, rangi ya bahari ya kina kifupi, kwa sababu kila shaba imeshikwa na molekuli ya maji au ethanoli. Hauwezi kunasa chochote cha maana. Upashwe moto kwenye ombwe, nyuzi 150, usiku mzima. Rangi huzama taratibu hadi zambarau iliyokoza, karibu na wino. Ukitoa chombo nje na kukiacha wazi, zambarau inarudi feruzi mbele ya macho yako ndani ya dakika, hasa mahali penye unyevunyevu kama Tanga au Mombasa. Kipimo hicho cha macho ni cha bure na hakidanganyi: sampuli ya feruzi iliyowekwa kwenye mashine ya kupima gesi itatoa namba mbaya, na kosa si la njia ya kusaga. Usipande juu sana kutafuta haraka, kwani joto kubwa kwenye ombwe huanza kugeuza shaba na mwishowe huvunja fuwele yenyewe.

Ripoti ya mwaka 1999 ilitaja eneo la uso la mita za mraba 692 kwa gramu. Unga ulioamshwa vizuri leo hufika 1,500 hadi 1,800, uwe umechemshwa au umesagwa. Tofauti hiyo imebebwa kwa sehemu kubwa na usafi wa vitundu, si na ufumaji.

Umeme wa hatua hii hausemwi. Tanuri la ombwe linalovuta nusu kilowati kwa saa 12 hula kWh 6. Ukilijaza kilo moja, ni kWh 6 kwa kilo. Ukiweka gramu 20 kwenye kisahani, kama inavyofanyika, ni kWh 300 kwa kilo.

Inanasa kiasi gani, na inalipa lini

HKUST-1 kavu kwenye nyuzi 25 na bari 1 ya hewa ukaa tupu hushika kama milimoli 4 kwa gramu. Namba hiyo ndiyo huwekwa kwenye vichwa vya habari. Moshi wa kituo cha makaa ya mawe lakini una hewa ukaa ya asilimia 12 hadi 15, kwa hiyo inayohusika ni bari 0.15, na hapo kiasi hushuka hadi milimoli 1 hivi, sawa na gramu 44 kwa kilo. Hicho ni kiwango cha juu kwa mzunguko mmoja wa kunasa na kutoa. Ombwe la kuitoa haliwahi kuitoa yote.

Faida iko kwenye kuitoa. Joto la kushika ni kama kilojuli 30 kwa moli, ilhali maji ya amini yanayotumika sana viwandani, MEA, yanadai kama 85, na juu yake unapasha moto maji mengi yasiyo na kazi.

Sasa weka kinu kwenye mizani. Tuseme kinu cha mtikiso kinavuta wati 150, kina vikopo viwili, kinakwenda nusu saa na kutoa gramu 1.21. Hiyo ni kWh 62 kwa kilo. Kwa umeme wa kilo 0.4 za hewa ukaa kwa kWh, kilo ya kinasa imezaliwa na deni la kilo 25, na kwa gramu 44 kila mzunguko inahitaji mizunguko zaidi ya 560 kulipa kusaga peke yake. Kwenye gridi ya Kenya, inayoendeshwa zaidi na jotoardhi, maji na upepo, deni linapungua sana. Kwenye jenereta ya dizeli linazidi. Skrubu pacha inayovuta kilowati 2 na kutoa kilo moja kwa saa hubadilisha hadithi kabisa: kWh 2, deni la kilo 0.8, mizunguko 18. Kwa hiyo asiyekuwa na mpango wa kuhamia kwenye skrubu asitumie neno kijani kwa kinu cha maabara. Kinu hicho ni cha kutafutia kanuni.

Kuhamia kwenye skrubu nako kuna mitego. Skrubu haina muda wa kusimama kukwangua. Unga hupita ndani kwa dakika chache. Kinachofanya kazi ya gololi ni vipande vya kukandia vilivyopangwa kwenye mhimili, na ukiweka vingi mno mwanzoni, ubandiko unajibana na mota inazidiwa. Unga mbili zichanganywe kabla, kiyeyushi kiingizwe kwa pampu ya mwendo sawa, na nguvu ya kuzungusha mhimili iangaliwe muda wote, kwa kuwa ikipanda ghafla ni dalili ya pale sauti ya kikopo ilipobadilika.

Shaba nayo ina historia kabla ya kufika kwenye mizani. Asilimia 31.5 ya uzito wa HKUST-1 kavu ni shaba, gramu 315 kwa kilo, iliyochimbwa na kuyeyushwa mahali fulani, pengine Kolwezi, nchini Kongo. Deni hilo ni lilelile uchemshe au usage.

Maji ya kwenye moshi

Moshi wa makaa ya mawe huwa na mvuke wa asilimia 5 hadi 7. Kilo moja ya kinasa ikikamata gramu 44, moli 1, kutoka kwenye moshi wa asilimia 15, imepitiwa na moli 6.7 za gesi. Kwa mvuke wa asilimia 6 hiyo ni moli 0.4 za maji, gramu 7. Maji hushika shaba kwa nguvu kuliko hewa ukaa, na ombwe la joto la chumba haliyang'oi. Kilo ya HKUST-1 ina moli 5 za shaba iliyo wazi, zinazojaa kwa gramu 89 za maji. Gawanya: mizunguko 12 na nusu, basi.

Mtego ni kwamba mizunguko ya mwanzo inaweza kupendeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba HKUST-1 yenye maji ya asilimia 4 ya uzito hushika hewa ukaa zaidi kuliko iliyokauka kabisa, kwa sababu maji yaliyoshika shaba huivuta molekuli ya hewa ukaa. Asilimia 4 ni gramu 40 kwa kilo, ambazo kwa hesabu yetu hufika mzunguko wa tano au wa sita. Anayepima mizunguko mitano na kusimama ataandika ripoti ya furaha. Mzunguko wa kumi utamsuta, na ile ya miezi itakuwa mibaya zaidi, kwa kuwa unyevu wa muda mrefu na joto huvunja kabisa kifungo cha shaba na asidi, na hapo hakuna kuamsha tena.

Unaweza kutanguliza safu ya alumina au zeolaiti ya kukaushia. Inafanya kazi, lakini kuikausha tena safu hiyo ni joto jingine, na kwa moshi mbichi joto hilo hula ile nafuu ya kilojuli 30. HKUST-1 inafaa pale gesi ilipokwisha kukaushwa kwa sababu nyingine. Kwa moshi wenye maji, kusaga kuelekezwe kwenye kitu kingine.

Cha kuanzia ni CALF-20, ya zinki, triazoli na oksalati, iliyotoka Chuo Kikuu cha Calgary na kuchapishwa mwaka 2021, ambayo imejaribiwa kwenye moshi wa kiwanda cha saruji nchini Kanada na kuvumilia mvuke. Kwa hesabu ya kikemia, moli 2 za oksidi ya zinki, moli 2 za triazoli na moli 1 ya asidi ya oksaliki zinatosheleza, na kinachobaki ni moli 2 za maji tu. Kikwazo kinachotarajiwa kinuni ni kwamba asidi ya oksaliki ina nguvu kuliko triazoli na itaiwahi zinki, ikaacha oksalati ya zinki isiyo na vitundu. Kwa hiyo oksidi na triazoli zisagwe kwanza kwa tone la maji, oksaliki iingizwe kwa mafungu madogo baadaye, na eksirei ipigwe baada ya kila fungu.